Dada, Umenyamaza

Ukiishi Tunduma, simu yako haijui vizuri iko nchi gani. Nikisimama mlangoni mwa duka la Mama, inasoma saa ya Tanzania. Nikiingia stoo kule nyuma, inakamata mnara wa Nakonde na saa inarudi nyuma, kwa kuwa Zambia tunawatangulia kwa saa moja. Wenyeji tumeshazoea. Mtu akikwambia mkutane saa nane, unamuuliza kwanza: ya huku au ya kule?

Basi barua pepe ya kuniita kwenye usaili ilipofika, sikushangilia. Nilihesabu vidole. Usaili ungefanyika kwa video siku ya Alhamisi, saa 4 kamili asubuhi kwa saa za Afrika Kusini. Afrika Kusini na Zambia saa zao zinalingana. Kwa hiyo kwetu ni saa 5. Na kwa hiyo ile saa ya stoo, ambayo miaka yote tumeiita mbovu, siku hiyo ndiyo ingekuwa sahihi.

Kampuni sitaitaja. Ni ya rejareja, ina maduka makubwa katika nchi kadhaa za Afrika, na ilikuwa inatafuta wahandisi wa programu wa kufanya kazi wakiwa popote. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye mfumo unaohesabu bidhaa zilizomo katika kila duka, ili mteja anayenunua kwa simu aambiwe ukweli: ipo au haipo. Nilipewa wiki 6 za kujiandaa.

Niseme mapema kwamba huo haukuwa usaili wangu wa kwanza. Mwaka mmoja kabla niliitwa na kampuni nyingine. Walinipa swali ambalo kila anayejiandaa kwa kazi hizi hulikuta siku ya kwanza: una orodha ya namba, tafuta mbili ambazo jumla yake ni namba fulani. Nililijua. Niliandika msimbo bila kutamka neno, nikamaliza dakika 20 kabla ya muda, nikakaa kimya huku nimekunja mikono kama mwanafunzi anayesubiri kusahihishiwa. Baada ya wiki moja wakaniandikia kwamba jibu lilikuwa sahihi, ila hawakuweza kujua ninavyofikiri.

Nilikasirika sana. Jibu si ndilo walilolitaka? Kufikiri kwangu kunawahusu nini?

Hasira ilipopoa nikaona kwamba kunyamaza sikukuanzia kwenye usaili ule. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, na darasa lilikuwa na kelele zake nzuri tu. Kidato cha kwanza tukahamia Kiingereza, ghafla, kama mtu aliyevushwa mpaka usiku. Mwalimu akiuliza, unanyoosha mkono pale tu ambapo una jibu zima kichwani, limepangwa, sarufi imekaguliwa. Ukianza sentensi bila kujua itaishia wapi, darasa zima linacheka. Tukajifunza kufikiri ndani na kutoa jibu nje, kama mashine ya kutolea pesa: hakuna anayejua humo ndani kunatokea nini, mnasikia tu noti zinahesabiwa. Nyumbani nako mtoto wa kike anayesifiwa ni yule asiyeongea ongea. Nilisifiwa sana.

Kwa hiyo nilifika chuo kikuu Mbeya, nikasoma sayansi ya kompyuta, nikahitimu, nikarudi nyumbani, yote hayo kwa kunyamaza.

Tunduma nilikuwa "yule dada wa kompyuta." Nilitengeneza printa, niliandika barua za maombi ya kazi za watu wengine, nilijenga mfumo mdogo wa duka moja la dawa na kulipwa nusu. Mama anauza vyakula kwa jumla: mchele, unga, sukari, mafuta ya kula, sabuni. Kompyuta yangu aliinunua kwa fedha iliyokuwa ya kuleta mzigo wa mchele, na mpaka leo anaiita "ile kompyuta yetu ya magunia sita." Hasemi kwa ubaya. Lakini magunia sita ni magunia sita, na mdogo wangu wa kiume alikuwa amemaliza kidato cha nne, amekaa anapanga katoni stoo, akisubiri ada ya chuo ipatikane. Ada hiyo ingetoka wapi, sote tulijua, ingawa hakuna aliyelitamka.

Nilianza kujiandaa kwa njia ninayoijua. Naamka saa 11 alfajiri, kabla malori ya kwenda Zambia na Kongo hayajaanza kunguruma kwenye barabara kuu, nafungua kitabu cha Gayle Laakmann McDowell, *Cracking the Coding Interview*, ambacho toleo lake la sita lina maswali 189. Maswali 4 kila siku. Nikikwama nasoma jibu, kesho yake nalirudia. Kwa wiki 3 nilijiona simba.

Jumapili moja nikamwomba rafiki yangu niliyesoma naye, sasa yuko Dar es Salaam, anifanyie usaili wa majaribio kwa simu. Akanipa swali. Nikaanza kulifanyia kazi. Baada ya dakika kama 5 nikasikia: "Haloo? Haloo? Umekatika?"

"Sijakatika. Nafikiri."

"Basi fikiri nikusikie, bibi wewe! Mimi hapa najua bando limeisha."

Tulicheka, lakini nilipokata simu nilikaa muda mrefu juu ya gunia. Wiki 3 nilikuwa nimezitumia kunoa kitu ambacho tayari kilikuwa kikali. Kile kilichonikosesha kazi mwaka uliotangulia sikuwa nimekigusa.

Ndipo nikamwajiri mdogo wangu. Mshahara: chipsi mayai kila Jumamosi. Kazi yake ilikuwa moja tu. Akae mbele yangu ameshika simu yenye saa ya kuhesabu, mimi nitatue swali kwenye katoni ya sabuni iliyokunjuliwa kwa kalamu ya wino mzito, na kila nikikaa kimya sekunde 10 aseme: "Dada, umenyamaza."

Siku ya kwanza alilisema mara 31. Alikuwa anaweka alama pembeni ya katoni kama anayehesabu magunia yanayoshushwa.

Tulianza kwa Kiswahili, maana yeye programu hajui, na mimi kwa Kiingereza bado nilikuwa na woga. Kumbe asiyejua ndiye msaili mkali kuliko wote, kwa kuwa hapitishi neno lisilo na maana. Nilipomwambia kwamba katika orodha iliyopangwa huhitaji kupitia kitu kimoja kimoja, akauliza, "Kwa nini?" Nikachukua kaunta buku ya madeni ya Mama. Nikamwambia: tuseme majina yangepangwa kwa alfabeti, na yako 1,000. Fungua katikati. Jina unalolitafuta liko mbele au nyuma? Mbele. Basi nusu ya nyuma itupe. Fungua katikati ya iliyobaki. Akajaribu mwenyewe, akihesabu. Mara 10 hivi, jina limepatikana. Akaniangalia kama nimemfanyia kiinimacho. Kisha akauliza swali la maana: "Mbona Mama anapanga kwa tarehe, si kwa majina?" Kwa sababu kuandika kwa tarehe ni rahisi, unaongeza tu mwishoni; kupanga kwa majina kunakupa taabu kila deni jipya likija. Hapo hapo nikatambua kwamba nimeeleza gharama ya kuandika dhidi ya gharama ya kutafuta, jambo ambalo kitabuni nilikuwa nalikariri tu.

Lile swali la namba mbili nalo tulilirudia. Kwanza ile tuliyoibatiza "njia ya kijinga": linganisha kila namba na kila nyenzake. Namba zikiwa 1,000, jozi ni karibu nusu milioni. Kisha njia ya pili: pita mara moja tu, ukikumbuka kila ulichokiona, na kila namba mpya ujiulize kama mwenzake umeshampita. Nikamkumbusha kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa na Rais Magufuli na Rais Lungu Oktoba 2019. Zamani lori lilikaguliwa upande huu, likavuka, likakaguliwa tena upande ule. Wazo la kituo ni kusimama mara moja.

"Mbona foleni bado ipo?" akauliza.

Swali zuri. Ukipunguza hatua za kila lori, malori yenyewe yakaongezeka, foleni itakuwepo. Nikaandika kwenye katoni: kabla hujajisifu kwa kasi, uliza mzigo utaongezeka kiasi gani.

Mama alikuwa akipita pita akisikiliza. Siku moja akasimama na kuniuliza, "Mwanangu, hivi hao watu wakikuuliza, na wewe huwaulizi?"

"Wao ndio wasaili, Mama."

"Hata kama. Mteja akija akisema nataka mchele, mimi siendi kushusha gunia. Namuuliza: wa kupika au wa kuuza? Kilo ngapi? Unapeleka wapi? Wewe hujaambiwa hata namba zenyewe zikoje, umeshaanza kuandika."

Vitabu vyote vya usaili vinasema hivyo: uliza maswali kabla ya kuanza. Nilikuwa nimeupigia mstari ushauri huo. Kuufuata ni kitu kingine.

Wiki ya 5 niliisoma biashara yenyewe, maana lazima wangeuliza kwa nini nataka kufanya kazi kwao. Nilisoma jinsi mstari wa alama za bidhaa ulivyosomwa na mashine kwa mara ya kwanza kwenye supamaketi moja ya Troy, Ohio, Juni 1974, bidhaa yenyewe ikiwa paketi ya chingamu. Nilisoma jinsi Walmart ilivyokamilisha mtandao wake wa setilaiti mwaka 1987 ili makao makuu yapate taarifa za mauzo ya maduka yote. Nikaelewa kwa nini muuza sabuni anahitaji wahandisi: anayejua haraka kilichouzwa ndiye anayejua cha kuagiza.

Nikasoma na ya kwetu. Shoprite iliuza maduka yake Tanzania mwaka 2014. Uchumi ikafunga yake mwaka 2015. Nakumatt, iliyochukua maduka ya Shoprite, nayo haikudumu. Game ya Mlimani City ikaondoka baadaye. Nilimsomea Mama orodha hiyo usiku, tukihesabu mauzo.

"Hao wote hawakufika Tunduma," akasema.

Nikamuuliza jambo lililokuwa likinikera moyoni: ikitokea kampuni hii ikafika, na mimi ndiye niliyewatengenezea mfumo, si nitakuwa nimelifunga duka lake?

Akamaliza kwanza kuhesabu noti alizozishika, kwacha upande huu, shilingi upande ule. "Mteja wangu anakuja na deni lake na shida zake. Mashine itamkopesha? Nenda kaangalie wanavyopanga mzigo wao. Ukirudi uniambie."

Ni Mama pia aliyenipa lile jibu la uzi. Dukani kwetu mteja wa mbali akipiga simu kuomba gunia, Mama hulifunga uzi mwekundu. Gunia lenye uzi haliuzwi, hata uje na fedha mkononi. Lakini uzi una muda: fedha isipoingia hadi saa 8 mchana, unafunguliwa. Na fedha ikiingia, Mama huandika namba ya muamala kwenye kaunta buku, maana kuna siku mteja alionyesha ujumbe uleule mara mbili, na mzigo ukatoka mara mbili. Miaka yote nimeuona uzi ule bila kuuona. Wahandisi wana majina makubwa kwa mambo hayo mawili, kufunga kwa muda na kuzuia muamala kurudiwa. Nilikuwa nimeyasoma kama mambo ya kigeni huku nimekalia magunia yenye nyuzi.

Wiki ya mwisho tulihamia Kiingereza. Nilijiruhusu sentensi fupi. Nilijizoeza hasa sentensi moja, ile ngumu kuliko zote, ya kusema kwamba bado sijui, na kwamba naanza na njia rahisi ili tuone inashindwa wapi. Mdogo wangu akaendelea na kazi yake kwa Kiswahili. Siku ya mwisho alisema "Dada, umenyamaza" mara 4.

Alhamisi ilipofika nilijifungia stoo. Nilipachagua kwa sababu magunia ya mchele yanameza mwangwi. Ukiongea humo sauti inatoka laini kama studio ya redio. Betri ilikuwa imejaa, laini mbili za mitandao tofauti tayari, mdogo wangu mlangoni akiwazuia wabeba mizigo. Simu ilisoma saa 3:58. Kwa mara ya kwanza sikuibishia.

Wasaili walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke. Swali la kwanza lilihusu orodha ya mauzo: tafuta bidhaa ya kwanza iliyouzwa mara moja tu. Nikahisi ule ukimya wa zamani unapanda kooni. Nikausikia na mlango, ingawa mlangoni hakuna aliyesema kitu. Nikafungua mdomo: bado sijui njia nzuri, lakini njia ya kijinga ni hii. Nikaendelea kuongea, nikajikosoa, nikarudi nyuma, nikafika. Yule mama msaili alikuwa akitikisa kichwa kukubali kabla hata sijaandika.

Swali la pili: bidhaa imebaki moja, wateja wawili wameibonyeza kwa wakati mmoja. Nikawaeleza uzi mwekundu. Walicheka, kicheko kizuri, na yule mwanamume akasema angeutumia mfano huo kwa wengine. Kisha akaongeza: "Na kama bidhaa hiyo hiyo inauzwa pia dukani, kwenye rafu, na mtandao wa duka umekatika?"

Uzi mmoja huwezi kuufunga kwenye maduka mawili. Nikaeleza kwa sauti nilichokiona. Unaweza kukataa kuuza mtandaoni mpaka duka lirudi, ukapoteza mauzo. Unaweza kuuza, kisha ukamwomba mteja radhi ikikosekana. Akauliza ningechagua ipi. Nikasema ya kwanza. Nikaikosoa. Nikasema ya pili. Nikaikosoa nayo. Niliongea vizuri, bila kunyamaza hata kidogo, nikizunguka kama bodaboda aliyepotea Mpemba usiku. Muda ukaisha.

Jioni nilimsimulia Mama swali lile. Alikuwa anafunga milango. Hakusita hata kidogo.

"Inategemea ni mzigo gani."

"Yaani?"

"Sukari, uza tu. Ikikosekana nakimbia kwa jirani nachukua, mteja hajui. Kitu ambacho jirani hana, usimwahidi mtu kabla hujakigusa kwa mkono. Kwani wao walisema ni mzigo gani?"

Hawakusema. Na mimi sikuuliza.

Nilisimama pale na kufuli mkononi. Jibu la swali lao lilikuwa swali: bidhaa gani, na kuikosa kunamgharimu mteja kiasi gani? Mama aliniambia hivyo wiki 2 kabla, akiwa amesimama palepale, nami nikamjibu kwamba wao ndio wasaili.

Barua pepe ilikuja baada ya siku 9. Hawakunichukua. Waliandika kwamba walifurahia kufuata ninavyofikiri, na kwamba wangependa kuniona nikifikia uamuzi. Baada ya miezi 6 ninaweza kuomba tena. Sitakudanganya kwamba haikuuma. Ada ya chuo bado haijapatikana, na ile kompyuta bado ni ya magunia sita. Lakini niliposoma barua ile sikuuliza kufikiri kwangu kunawahusu nini. Walikuwa wamekusikia, wakaona hasa mahali kulipopungua. Mahali panapojulikana panaweza kuzibwa.

Nilimwambia mdogo wangu kwamba kazi yake ya kusaili imesimama kwa muda. Hakujibu. Akaingia stoo, akatoka na katoni mpya ya sabuni, akaikunjua sakafuni, akachukua kalamu.

"Nipe swali," akasema.

Nikampa lile la namba mbili. Akainama. Nje lori lilikuwa linajaribu kugeuza, dereva akipigiwa kelele kwa Kiswahili na Kibemba kwa pamoja. Mdogo wangu ameitazama katoni, midomo imefungwa. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Saba. Nane. Tisa.

"Sijanyamaza," akasema bila kuinua kichwa. "Subiri. Naanza na njia ya kijinga."